Sinema za Afrika za Miaka ya Themanini: Uanze na Ipi, Uitazame Vipi

Anza na Yaaba. Kama hujawahi kuona sinema yoyote ya Afrika Magharibi ya miaka ya themanini, na una jioni moja tu ya kujaribu, hiyo ndiyo ya kuanzia. Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso aliitoa mwaka 1989. Inachukua saa moja na nusu, haina maneno mengi, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuifuata bila kuelezwa. Mvulana aitwaye Bila na binamu yake Nopoko wanacheza kujificha karibu na makaburi, na hapo wanamkuta ajuza aitwaye Sana, ambaye kijiji kizima kinamwita mchawi. Bila hamkimbii. Anamwita yaaba, yaani bibi, na yule mama anashangaa, maana hajawahi kuitwa hivyo na mtu.

Ukimuuliza mtu wa makamo wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi habari za sinema za miaka ile, atakutajia Rambo na Commando, atakutajia Mithun Chakraborty wa Disco Dancer, na zile za karate kutoka Hong Kong. Hizo ndizo zilizotufikia. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo watu waliona kilicholetwa kwenye kumbi, na baadaye kilichopatikana kwenye kanda za video. Wakati huohuo kule Ouagadougou, kwenye tamasha la FESPACO lililoanza mwaka 1969, Waafrika walikuwa wakionyeshana sinema ambazo leo zinafundishwa vyuoni Ulaya na Marekani. Kutoka Ouagadougou kuja kwetu hapakuwa na njia. Wasambazaji wa kule macho yao yalikuwa Paris, na wa huku walitazama Bombay, Hong Kong na London. Kazi za muongo mzima zikatupita hivihivi.

Nataka nikushawishi uzitafute sasa. Na nataka uzitazame kwa namna itakayokufaa, kwa sababu watu wengi wanaojaribu huanza na ile ngumu, wakiwa peke yao, kwenye simu, saa tano usiku baada ya kazi. Dakika ya ishirini wameshaizima, na wanabaki wakisema sinema za Kiafrika zinachosha. Tatizo huwa ni mpangilio. Sinema hizi zilitengenezwa na watu waliomwamini mtazamaji wao: hazimwelezi kila kitu, hazimpigii muziki wa kumwambia sasa lia, sasa ogopa. Zinamhitaji mtazamaji aliyetulia, na zinanoga zaidi mkiwa wengi.

Turudi kwa Bila na Sana. Ninaipa Yaaba nafasi ya kwanza kwa sababu habari yake tunaijua vizuri mno. Usukumani vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa miaka ya kupikia kuni. Kilifi na Kisii nako wanayajua hayo. Tumeandikiwa mabango, tumefanyiwa semina, viongozi wamehutubia. Ouédraogo hahutubii. Anamwonyesha Bila akiiba kuku kwao na kumpelekea Sana, halafu wawili wale wanakula pamoja, ajuza na mtoto, kama watu wowote wenye njaa. Baadaye Nopoko anakatwa na kisu chenye kutu katika ugomvi wa watoto, anapata pepopunda, na kijiji kinamtafuta wa kumlaumu. Kibanda cha Sana kinachomwa moto. Naye Sana, badala ya kulaani, anashika njia kwenda kumtafuta mganga wa kumtibu mtoto yule.

Angalia jinsi safari hiyo ilivyopigwa picha. Kamera iko mbali. Uwanda ni mkubwa, mkavu, wa rangi ya udongo, na mwanamke mmoja mwembamba anaukata kwa miguu. Kwenye simu utaona nukta inayotembea, na utasogeza mbele. Kwenye kioo kikubwa utaona mgongo wake, utaona urefu wa njia, na utaelewa bila mtu kukwambia kwamba mtu huyu anawapenda watu waliomfukuza. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza wa kiufundi ni huo: tafuta kioo kikubwa kadiri unavyoweza. Projekta ya kuazima na shuka jeupe ukutani vinatosha kabisa. Sauti nayo uitendee haki kwa spika ya nje, kwa kuwa muziki wa Yaaba ni wa Francis Bebey wa Kamerun, na spika ya simu inaumaliza.

Ukishaiona Yaaba, itafute Wend Kuuni ya Gaston Kaboré, pia wa Burkina Faso, ya mwaka 1982. Ni fupi zaidi. Mchuuzi anayesafiri anamkuta mvulana amezimia porini. Mvulana hasemi, na kijiji kinachomlea kinampa jina la Zawadi ya Mungu. Hadithi iko katika zama za ufalme wa Wamossi, kabla ya Wazungu kufika, na habari ya mwanamke aliyeitwa mchawi imo humo pia, imefichwa ndani ya ukimya wa mtoto. Ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa mwaka 1985 kama filamu bora ya nchi zinazozungumza Kifaransa. Kuna tukio moja la mtu aliyejinyonga, kwa hiyo kama una watoto wadogo kaa nao, na uwe tayari kuongea nao baada ya hapo.

Sasa suala la lugha, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama. Sinema hizi zinazungumza Kimoore, Kibambara, Kiwolofu, Kilingala, Kikreoli cha Guinea-Bissau. Maandishi ya tafsiri chini ya picha huwa ya Kifaransa au Kiingereza, na nyumbani kwako huenda kuna mama, babu au mtoto asiyesoma lugha hizo, au anayesoma lakini maandishi yanamkimbia. Usimwache nje. Ukanda wetu una ufundi wa kazi hii: Lufufu aliwasimulia Watanzania sinema za kigeni kwa Kiswahili, DJ Afro anafanya hivyo Kenya, na VJ Jingo anafanya kwa Kiganda kule Kampala. Mamilioni ya watu wetu walizijua sinema kwa masikio kabla ya macho. Nawe unaweza kumsimulia mwenzako.

Lakini simulia kwa adabu ya sinema yenyewe. Itazame peke yako kwanza, ujue inakwenda wapi. Halafu mkikaa pamoja, usitafsiri kila mstari. Mweleze mwenzako kilichosemwa kwa kifupi, mwanzoni mwa tukio, kisha nyamaza amtazame mhusika usoni. Usiongeze vichekesho. Vichekesho vya DJ Afro vinafaa sana kwa mtu anayevunja milango kwa teke. Kwa Sana vitaharibu. Yaaba na Wend Kuuni zina mazungumzo machache kiasi kwamba hata msimulizi asiye na uzoefu anazimudu.

Mwenye subira zaidi anaweza kwenda mbali kuliko hapo. Sabtaito mara nyingi huja kama faili dogo la maandishi lililo nje ya filamu. Faili hilo hufunguka kwa programu yoyote ya kawaida ya kuandikia. Ndani yake utaona muda, kisha mstari wa maneno, kisha muda mwingine. Usiguse muda. Futa mstari wa Kiingereza, andika wa Kiswahili mahali pake, endelea mpaka mwisho, kisha lihifadhi faili kwa jina lilelile la filamu na uliweke kwenye folda moja nayo. Programu ya VLC italisoma yenyewe. Natamani sana walimu wa Kiswahili wawape wanafunzi wao wa kidato cha tano na sita kazi hii. Mwanafunzi atajifunza tafsiri kwa kufanya, naye babu yake atapata sinema ya kutazama.

Kwa jioni ya Jumamosi, watu wakiwa na hamu ya kucheka na kucheza, chukua La Vie est belle ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Mwezé Ngangura wa Zaire, ndiyo Kongo ya leo, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Papa Wemba ndiye anayeigiza mhusika mkuu, Kourou, kijana anayetoka kijijini kuja Kinshasa kutafuta maisha kwa muziki. Anafanya kazi ya uboi kwa tajiri mwenye klabu ya usiku, na wote wawili, bosi na boi, wanampenda msichana mmoja, Kabibi. Tajiri ana matatizo ya nguvu za kiume. Mganga amemwambia aoe mke wa pili na akae muda aliopangiwa bila kumgusa. Unaweza kukisia vurugu zinazofuata. Pepe Kalle yumo pia, pamoja na mchezaji wake Emoro.

Usiidharau kwa kuwa ni ya kuchekesha. Kinshasa ya wakati ule imo yote: mitaa, mavazi, ujanja wa kupata mlo wa leo, wanawake wanaopanga mambo yao huku wanaume wakidhani wao ndio wenye kupanga. Hiyo ndiyo miaka ambayo Dar es Salaam ilikuwa ikicheza muziki wa Maquis na Remmy Ongala, watu waliotoka hukohuko Kongo, kwa hiyo wazee wetu watatambua magitaa kabla ya kutambua sura. Ukiitafuta mtandaoni, andika jina la Papa Wemba pamoja na jina la filamu, la sivyo utaletewa ile ya Kiitaliano ya mwaka 1997 yenye jina kama hilo, ambayo ni habari nyingine kabisa. Kwa Kiingereza ilisambazwa kama Life Is Rosy. Utani wake ni wa watu wazima, ingawa macho hayatapata la kuaibisha.

Ile ninayoiweka juu ya zote ni Camp de Thiaroye. Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow waliitoa mwaka 1988, na ina zaidi ya saa mbili na nusu. Inasimulia jambo lililotokea kweli nje kidogo ya Dakar tarehe 1 Desemba 1944. Askari wa Kiafrika waliopigana upande wa Ufaransa, wengi wao wakiwa wametoka kwenye kambi za mateka za Wajerumani, walirudishwa Senegal, wakawekwa kambini Thiaroye, wakadai malipo yao, na wakapigwa risasi na jeshi lilelile walilolipigania. Taarifa rasmi ya wakati ule ilisema wamekufa 35. Wanahistoria wanaamini idadi ilikuwa kubwa kuliko hiyo, na makaburi bado yanabishaniwa. Mwaka 2024, miaka 80 baadaye, Rais Macron alikiri kwa barua kwa Rais wa Senegal kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki.

Sembène mwenyewe aliwahi kuwa askari wa jeshi hilo la kikoloni. Sinema hii aliitengeneza kwa fedha za Senegal, Algeria na Tunisia, bila ya Ufaransa, na ingawa ilipata tuzo maalumu ya majaji kule Venice mwaka uleule, kumbi za Ufaransa hazikuionyesha kwa miaka mingi.

Sasa namna ya kuitazama, maana saa ya kwanza humchosha asiyejiandaa. Anaona askari wanafika, wanalala, wanakula, wanalalamika, na anauliza vita iko wapi. Mshauri mwenzako mapema: hesabu vitu wanavyonyang'anywa. Wanafika wakiwa na sare za Kimarekani, safi, zinazowapa heshima. Zinachukuliwa, wanapewa kaptura na kofia nyekundu za zamani. Chakula wanachopewa hakina nyama, wao waliozoea mgao wa askari wengine. Kisha fedha zao: faranga walizokuja nazo zinataka kubadilishwa kwa nusu ya thamani yake. Sare, chakula, fedha. Ukifuata mambo hayo matatu, kila tukio linakaa mahali pake, na hasira inapanda ndani yako polepole kama inavyopanda ndani yao.

Na umtazame Pays. Huyu alirudi kutoka kambi ya Buchenwald akiwa hawezi kusema, na anavaa kofia ya chuma ya Kijerumani. Sidiki Bakaba wa Côte d'Ivoire ameigiza nafasi nzima bila mazungumzo. Siku ya kwanza anausogelea uzio wa kambi na kuushika ule waya wa miiba, na wenzake wanahangaika kumtuliza: hapa ni Afrika, tumefika nyumbani. Yeye macho yake yanasema anaujua waya huu. Wenzake wanamwona amerukwa na akili. Wewe mtazamaji, kwa kuwa unajua mwisho wa historia, unabaki ukitamani wamsikilize.

Kuna jambo lingine ambalo msomaji wa Kiswahili ataliona haraka kuliko Mfaransa yeyote. Askari hawa wametoka makoloni mbalimbali na hawana lugha ya mama ya pamoja, kwa hiyo wanazungumza Kifaransa cha jeshini, kilichokatwakatwa, kinachochekwa na maofisa. Huku kwetu askari wa King's African Rifles waliotoka Nyasa, Uganda, Kenya na Tanganyika walikuwa na Kiswahili chao cha jeshini. Kama ukoo wenu una mzee aliyepigana Burma, keti na wanawe na wajukuu wake mbele ya sinema hii. Mkimaliza, waulize alirudi na nini, na alilipwa nini. Anza saa kumi na mbili jioni, mle kwanza, na msiikate katikati.

Nakala yake iliyosafishwa upya ilionyeshwa Cannes mwaka 2024, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Kazi hiyo ni sehemu ya mpango uliotangazwa mwaka 2017 na shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, UNESCO na The Film Foundation ya Martin Scorsese, wenye lengo la kuokoa filamu 50 za Kiafrika. Ubora wa nakala una uzito mkubwa kwa sinema hizi, kwani nyingi za zinazozunguka mtandaoni zimetolewa kwenye kanda za VHS zilizochoka, na usiku wa Thiaroye kwenye nakala mbovu ni weusi mtupu.

Kijana anayependa sinema za majambazi mpe Mapantsula ya mwaka 1988. Thomas Mogotlane ndiye mwandishi mwenza na ndiye anayeigiza Panic, mwizi mdogo wa Soweto, mtanashati, mbinafsi, asiyetaka kujua siasa. Oliver Schmitz aliongoza. Ilipigwa Afrika Kusini kwenyewe wakati ubaguzi wa rangi ukiwa umepamba moto, na ili wapate kuachwa wafanye kazi waliwapa wakubwa mswada unaoonekana kama sinema ya kawaida ya ujambazi. Mpe kijana wako tahadhari moja tu: hadithi inaruka kati ya mahabusu na siku zilizotangulia, mbele na nyuma, kwa hiyo akipotea dakika kumi za mwanzo asiogope. Polisi wanataka kitu kimoja kutoka kwa Panic, na swali pekee ni kama atakitoa.

Kwa asiyetaka maandishi ya tafsiri kabisa kuna Heritage Africa ya Kwaw Ansah wa Ghana, ambayo sehemu kubwa ni Kiingereza. Ilipata tuzo kuu ya FESPACO mwaka 1989. Inamhusu Kwesi Atta Bosomefi, ofisa wa serikali ya kikoloni anayejiita Quincy Arthur Bosomfield ili alingane na wakubwa wake. Mama yake anamkabidhi kasha la urithi wa ukoo, lililopita vizazi na vizazi. Yeye analichukua na kumzawadia gavana. Nakiri kwamba sinema hii husema kwa sauti kubwa kuliko inavyohitaji, na ndoto zake ni ndefu. Lakini tukio la mama kuuliza kasha liko wapi lina uzito wa kukufanya uyasahau hayo yote.

Tuzo hiyohiyo kuu ya FESPACO mwaka 1987 ilikwenda kwa Sarraounia ya Med Hondo wa Mauritania, habari ya malkia wa Waazna, katika Niger ya leo, aliyepambana na kikosi cha Wafaransa cha Voulet na Chanoine mwaka 1899. Farasi, jangwa, mioto, maofisa wanaozidi kupoteza utu kila wanapoteketeza kijiji. Aliyekua na habari za Mkwawa na Kinjekitile hahitaji utangulizi. Na wale wanaokumbuka kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao Dar es Salaam watafute Mortu Nega ya Flora Gomes wa Guinea-Bissau, ya mwaka 1988. Diminga anabeba silaha porini pamoja na wapiganaji, akimfuata mume wake, mwaka ule ambao Amílcar Cabral aliuawa. Kisha uhuru unapatikana, na sinema haiishi. Inakaa na Diminga katika miaka ya ukame baada ya bendera kupandishwa, na nusu hiyo ya pili ndiyo inayoipa thamani yake.

Yeelen niliiacha makusudi. Ndiyo maarufu kuliko zote nilizozitaja, ilipata tuzo ya majaji huko Cannes mwaka 1987, na kwa sababu hiyo watu wengi huanza nayo na kukwama. Souleymane Cissé wa Mali, aliyesomea sinema Moscow na kufariki mwaka 2025, anasimulia habari ya Nianankoro, kijana mwenye nguvu za uganga, anayewindwa na baba yake mzazi. Kabla ya kuitazama yatosha kujua mambo mawili: kwamba Komo ni chama cha siri cha Wabambara chenye kumiliki elimu ya uganga, na kwamba baba anataka kumwua mwanawe ili elimu ile isitoke mikononi mwa wazee. Mengine yaache yakujie. Utamwona mama wa Nianankoro akiwa amesimama ndani ya maji akijimwagia maziwa kutoka kwenye kibuyu, akimwombea mwanawe. Hutaelezwa kwa nini maziwa. Mtu aliyelelewa karibu na matambiko, hata ya kabila jingine, huelewa tukio lile kwa mwili kabla ya akili kuuliza. Kuna uchi kidogo na kuku anayechomwa katika kafara ya mwanzo, kwa hiyo iwe ya watu wazima. Na kwa hii usikubali nakala mbovu hata kidogo. Jina lake maana yake ni mwanga, na imetengenezwa kwa mwanga. Bora ungoje mwaka mzima upate nakala safi.

Ikikupendeza, rudi nyuma miaka mitano umwone Cissé akiwa karibu na maisha ya kila siku: Finyé, ya mwaka 1982, wanafunzi wa Mali wanagoma, na binti wa gavana wa kijeshi yuko upande wao.

Za kupatikana wapi? Majukwaa makubwa ya kulipia yanayotangazwa kwetu mara nyingi hayana hizi, na zikiwekwa huondolewa bila taarifa, kwa hiyo tafuta kwa jina la asili la filamu pamoja na jina la mwongozaji. Majina ya Kiingereza hubadilika. Aliye Ulaya au Marekani aulize maktaba ya chuo au ya mji, nyingi zina DVD zake. Kwa sisi tuliopo huku, mlango ambao hautumiki inavyostahili ni Alliance Française, iwe Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa, Kampala, na ndugu zao wa Institut français kule Bujumbura. Taasisi hiyo ina hazina ya filamu iitwayo Cinémathèque Afrique, iliyokusanywa kwa ajili ya maonyesho ya namna hii. Jikusanyeni watu kumi, andikeni barua, tajeni filamu na tarehe mnayopendekeza. Maombi ya kikundi yenye jina la filamu husikilizwa kuliko mtu mmoja anayeuliza mapokezini mna nini. Angalieni pia ratiba ya tamasha la filamu la ZIFF kila mwaka, Ngome Kongwe, Zanzibar.

Wakati mkiandika barua hizo, ulizeni na za kwetu. Kenya ilikuwa na Kolormask ya Sao Gamba, ya mwaka 1986, juu ya Mkenya aliyerudi nyumbani na mke Mwingereza. Tanzania ilikuwa na Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill: mwanamke anaugua, hospitali haijamsaidia, na hofu yake ya waganga wa jadi inatoka mbali, utotoni. Ni ya dakika 36 tu, na imezungumzwa kwa Kiswahili. Ukiiona kwenye ratiba ya tamasha au ya chuo chochote, nenda, na umchukue mtu ambaye zile nyingine zote ulilazimika kumsimulia.